Ndiyo ya Kambi Tisa

Msikizi alipomaliza kutufundisha habari za gesi iliyobanwa, aliuliza kama kawaida yake, "Mmeelewa?" Nasi tukaitika kama kawaida yetu, darasa zima kwa mdundo mmoja, "Ndiyooo."

Taa yake ya buluu pale ukutani ikageuka njano. Ukasikika mlio mdogo, kama kufuli la sanduku la bibi, na mada ikafungwa.

"Osmunda," Menas Haule akanong'ona nyuma yangu, "hivi hiyo moli anayoitajataja tangu asubuhi ni mdudu gani?"

"Tuliimaliza kidato cha pili," Osmunda akamjibu.

"Kumaliza tulimaliza. Nauliza ni nini."

Osmunda Nyoni ndiye aliyekuwa kichwa cha darasa letu. Akageuka kumjibu. Nilimwona usoni. Alikwenda kuitafuta moli mahali alipoiweka, akakuta pamebaki neno tupu, kama ganda la yai lililonyonywa na nyoka. Basi akafanya jambo ambalo hakuna mtoto wa darasa letu aliyewahi kulifanya. Akasimama.

"Samahani, mwalimu. Moli ni nini?"

"Mada ya moli mliielewa, Osmunda," Msikizi akasema kwa ile sauti yake ya shangazi mpole. "Mlisema ndiyo. Siwezi kuwadharau kwa kuwarudishia kitu mnachokijua."

Osmunda akabaki amesimama. Msikizi akaendelea.

"Nina habari njema. Imebaki mada moja. Hakuna darasa la kambi lililowahi kufika hapa bila kurudia hata mara moja. Alhamisi tutaifunga hiyo ya mwisho mbele ya wageni na wazazi wenu. Osmunda atakwenda Chuo cha Nishati. Ninyi wengine mtapewa vyeti vya ufundi wa matangi. Na njia yenu ya kusoma itanakiliwa katika shule za makambi yote."

Tukapiga makofi. Mikono yetu nayo ilikuwa imezoea.

*

Watu wa mjini wana Msikizi, ila wa kwao anaishi maisha mengine kabisa. Kwa umbo ni yule yule: kisanduku cha ukutani, kina masikio, hakina macho. Nchi ilishafuta mitihani zamani. Neno la mwanafunzi ndilo cheti chake. Ukimwambia Msikizi hujaelewa, anarudia, anabadilisha mfano, anarudia tena, wala hanuni. Watoto wa mjini wanamtesa mpaka taa inakaa buluu juma zima juu ya mada moja. "Hapana, rudia." "Hapana, leta mfano mwingine." Huo ndio urithi walioachiwa na wazazi wao: kukataa.

Sisi tuliachiwa mwingine. Kwetu ukimwambia mkubwa "sijaelewa" umemwambia hajui kusema, na mama akisikia utalala njaa. Adabu hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Babu zetu waliletwa hapa kwa malori kutoka Songea, wakapewa namba badala ya majina, wakaitwa manamba. Alfajiri nyapara aliwapangia mistari ya mkonge ya kukata, halafu akauliza, "Mmeelewa?" Aliyesema hapana alichapwa, na kipande chake, ile kadi ya siku za kazi, hakikutiwa alama, maana yake siku ile hakuishi. Wakajifunza kuitika. Wakawafundisha watoto wao, na hao wakawafundisha wao. Mkoloni akaenda, tajiri akaja, ushirika ukaja ukafa, ikaja kampuni inayochachusha mabaki ya mkonge na kuyafanya gesi ya kuwasha miji. Wote hao wamepita juu yetu na ndiyo yetu wameikuta hapo hapo, imekaa kama mbwa mlangoni. Sijasahau hata mmoja wao, na sina nia ya kusahau.

*

Kaka yake Osmunda, Odilo, alisoma darasa lile lile kabla yetu na akapewa cheti cha matangi. Asubuhi moja ya baridi alijaza tangi la gesi pomoni, akafunga valvu ya kupumulia kama alivyoonyeshwa. Jua likapanda. Gesi ikapata moto, ikataka kutanuka, ikakosa pa kutanukia, ikajipasulia mlango. Ilimchukua macho yote mawili. Wachunguzi wa kampuni hawakuchelewa: walimwuliza Msikizi kama kijana yule alielewa mada ya gesi na joto. Msikizi akajibu kweli tupu, kwamba alisema ndiyo. Wakaandika uzembe.

Jioni ya siku ile aliyouliza habari za moli, Osmunda alimkuta Odilo barazani akisokota kamba ya mkonge kwa kupapasa. Mimi nilikuwa nimemsindikiza, nikakaa kwenye ngazi.

"Kaka, ulipojaza lile tangi, ulijua joto linaifanya nini gesi?"

"Anauliza nani, wewe au kampuni?"

"Mimi."

Odilo akaacha kusokota. "Wimbo wake niliujua. Joto likipanda, mgandamizo hupanda. Hata sasa naweza kukuimbia. Lakini kwamba wimbo ule ulikuwa unalisema lile tangi, lile lililosimama mbele yangu na jua likilipiga, hapana. Hilo hakuniambia mtu. Na mimi sikuuliza."

Mama yao, Xaveria, akatokeza kichwa kutoka jikoni. Nywele zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi la nyuzi, maana alishinda kwenye mashine za brashi za kusafishia mkonge. "Mwache mwenzio apumzike. Na wewe Osmunda, Alhamisi nakwenda kukupigia vigelegele na kitenge kipya. Usiniletee mambo."

"Mama, wewe umewahi kumwambia msimamizi hapana?"

"Ningemwambia hapana ungekula nini?" Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja bei ya chumvi. "Ndiyo yangu ndiyo iliyokukuza, binti. Usiitukane."

Osmunda hakuitukana. Alikaa chini, akashika ncha ya pili ya kamba ya kaka yake, akaanza kusokota naye.

*

Kesho yake alikuja Bi. Elinami Kweka, afisa wa Mfuko wa Nuru Sawa, ule mfuko unaomiliki Wasikizi wote wa nchi. Alipanda ngazi kumfuta Msikizi vumbi kwa ajili ya sherehe. Osmunda alimngoja chini, mimi kando yake.

"Shikamoo, afisa."

"Marahaba. Niite dada. Wewe ndiye Osmunda, eh? Watu wanakusubiri huko Chuo."

"Dada, naomba utufungulie mada."

"Ipi?"

"Zote."

Bi. Elinami akashuka taratibu, akakunja kitambaa chake. Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililonikera zaidi.

"Unajua kwa nini zinafungwa? Kabla ya huyu walikuwapo wenye macho. Wakimtazama mtoto wa kambi, miguu ina vumbi, sauti inatetemeka, wanaamua hajaelewa hata kama ameelewa. Wanamrudisha mwanzo. Watu waliota ndevu wakiwa bado kwenye hesabu za sehemu. Mpaka mama zenu, wa hapa hapa Kambi Tisa, wakawatoboa wale Wasikizi macho kwa miiba ya mkonge na kugoma. Ndipo sheria ikatungwa: mashine isimwamulie maskini akili yake. Neno lake ndilo la mwisho. Sasa mimi nije niivunje?"

"Hatutaki uivunje. Tunataka neno letu liwe neno."

"Njia ipo," Bi. Elinami akasema, "lakini hamtaipenda. Mliitika kwa pamoja, basi mkanushe kwa pamoja. Kila mmoja kwa mdomo wake, mbele ya Msikizi. Akibaki mmoja hajasema, haihesabiki. Mkishakanusha wote, mnarudi kidato cha kwanza, mada ya kwanza. Vyeti hakuna. Na nafasi yako ya Chuo anapewa mwingine papo hapo." Akainama, akapunguza sauti. "Mdogo wangu, nenda. Kule Chuo kuna walimu wa nyama na damu. Hiyo moli watakufundisha juma moja. Wewe nyamaza tu."

"Na wenzangu wanaokwenda kwenye matangi?"

Bi. Elinami alitazama ngazi yake.

"Na makambi yatakayonakili njia yetu? Dada, huko kwenye Mfuko hakuna aliyeona kwamba tangu kidato cha kwanza hatukuwahi kusema hapana hata mara moja?"

"Waliona."

"Wakasemaje?"

"Walisema takwimu zinapendeza."

*

Tulikutana katikati ya mistari ya mkonge baada ya shule, darasa zima. Osmunda alitueleza yote, hata lile la kunyamaza. Hakuficha kitu. Menas ndiye aliyemkatiza.

"Ngoja. Wewe ukikosa Chuo, utalia, utapata kingine, una kichwa. Mimi nikikosa cheti hiki nakosa mshahara wa kwanza wa ukoo wetu usiotoka na kikohozi. Nani alikutuma unichagulie?"

"Hakuna. Ndiyo maana nakuuliza."

"Nikikataa?"

"Nitanyamaza. Alhamisi nitaitika pamoja nanyi, nitapanda basi niende Chuo, na sitakulaumu. Naapa kwa macho ya Odilo."

Kuna kitu kibaya sana katika kupewa uhuru wa kuchagua ukiwa na miaka kumi na minane na baba yako ameshakopa viatu vya kazini kwa jina lako. Hakuna aliyetuzoesha. Menas alichuna jani la mkonge, akalikunja, likakataa kukunjika, akalitupa.

"Kaka yako alinifundisha baiskeli," akasema mwishowe. "Alikuwa anakimbia nyuma akinishika, anasema sikuachii, kumbe alishaniachia zamani." Akajifuta pua. "Mimi nimo."

Tukaingia mmoja mmoja. Kolumba, msichana mpole kuliko wote, aliingia wa mwisho, tena kwa kutikisa kichwa tu.

Basi tukafanya mazoezi. Tulitundika sufuria kwenye mti wa mpira, ndiye Msikizi. Menas akajificha nyuma yake na kubana sauti ya shangazi. "Mmeelewa?"

"Ndiyooo," tukaitika.

Tukatazamana. Hakuna aliyekusudia. Midomo ilitangulia, kama kuku wanaojirudia bandani.

"Tena," akasema Osmunda.

Safari ya pili tulisema hapana, lakini ilitoka kama kikohozi cha mtu kanisani. Safari ya tatu Kolumba akaanza kulia. "Ni kama mnaniambia nivue nguo mbele ya mkubwa," akasema. "Najua ni sanduku. Lakini ni mwalimu." Tukaondoka pale jua likizama, kila mmoja ana hapana yake kinywani, haimezeki wala haitemeki.

*

Alhamisi lilisimamishwa hema. Mgeni rasmi alikuwa mkurugenzi wa Mfuko, mtu wa suti ya rangi ya udongo, na wazazi walikaa nyuma kwenye viti vya plastiki. Mama Xaveria alikuwa na kitenge kipya kama alivyoahidi. Kando yake Odilo, ameinua uso kama anayenusa mvua. Pembeni ya Msikizi walitundika kioo cha maandishi ya mwanga: juu kabisa, peke yake, OSMUNDA NYONI, CHUO CHA NISHATI, na majina yetu chini yake.

Mada ya mwisho ilikuwa usalama wa matangi. Msikizi akaisema kwa ufasaha: gesi, joto, valvu ya kupumulia. Mambo yote yaliyompofusha Odilo yakapita mbele ya Odilo kwa sauti ya shangazi mpole.

"Mmeelewa?"

Nilihisi ile ndiyo ikipanda kooni, nikauma ulimi. Kimya kikaanguka. Hakijawahi kuwapo kimya cha namna ile katika darasa lile.

"Hapana," akasema Osmunda.

Nyuma wazazi wakavuta pumzi. Mama Xaveria akajiziba mdomo kwa upindo wa kitenge.

"Nimesikia hapana moja," akasema Msikizi. "Mliitika pamoja siku zote. Wengine mnasemaje?"

Tulikuwa tumekubaliana, na bado hakuna aliyetoa sauti. Nilitazama sakafu. Wote walitazama sakafu. Mkurugenzi akakohoa, akatabasamu, akawaambia wageni kwamba binti ana hofu ya kuondoka nyumbani, ni kawaida. Sekunde moja zaidi na kila kitu kingefungwa, na Osmunda angekuwa mwongo peke yake.

Menas akasimama. Alitembea mpaka ukutani, akainama chini ya Msikizi, akasoma kibati kidogo kilichopigiliwa pale tangu tulipokuwa wadogo, ambacho hakuna aliyewahi kukijali. Kisha akageuka kwa wazazi, uso umemjaa furaha.

"Jamani," akasema, "kimeandikwa kimeundwa Mafinga. Kumbe huyu ni Mhehe."

Kicheko cha kwanza kilitoka kwa Odilo. Cha pili kwa wazee wote wa nyuma.

Kwa asiyejua: Mafinga ni nchi ya Wahehe, sisi wa Songea ni Wangoni, na Wangoni na Wahehe walichinjana zamani za mikuki mpaka wakachoka, na walipochoka wakawa watani. Mtani humwambii shikamoo ya woga. Mtani unamtukania chakula chake, unamnyang'anya kofia mbele ya wakwe zake. Kwenye msiba wake unaweza kushuka ukalala kaburini na kukataa asizikwe mpaka ukubali wewe. Na yeye akinuna, aibu ni yake. Yote ambayo adabu ilitufungia mdomoni, utani ulikuwa na ufunguo wake, na ufunguo huo tulikuwa nao nyumbani siku zote.

"Wewe Mhehe," Menas akamwambia Msikizi, mkono kiunoni. "Babu zako walikimbia mikuki ya babu zangu, leo umejificha kwenye bati unanifungia masomo. Nani alikuambia naelewa? Sijaelewa moli. Sijaelewa mgandamizo. Tangu kidato cha kwanza nakuitikia ili nikale. Na mjinga si mimi niliyesema. Mjinga ni wewe uliyeamini."

Taa ikapepesa.

"Sijaelewa, Menas," Msikizi akasema.

"Mnaona?" Menas akatugeukia. "Hata yeye anaweza. Wala hakufa."

Hema lilipasuka kwa kicheko, na katikati ya kicheko kile midomo yetu ikalegea. Nilisikia sauti yangu ikisema hapana, mtani, hapana kabisa. Aliyefuata akasema hajaelewa tangu siku Msikizi alipofungwa ukutani. Mwingine akasema hapana, na wewe urudishe muda wangu. Zikaja moja baada ya nyingine, kila moja ina mwenyewe. Kolumba alibaki wa mwisho. Alisimama ameshika meza, machozi yanamtoka huku anacheka, na hakujua afanye lipi kwanza.

Mkurugenzi alikuwa ameshafika kwa Bi. Elinami. "Mzime."

"Mheshimiwa, darasa linazungumza."

"Nimesema mzime. Wageni hawa."

Bi. Elinami alitazama swichi iliyokuwa karibu na mkono wake. Halafu akafanya kitu kidogo sana: akaweka mikono yake nyuma, kama mtoto anayeimba shairi. "Neno la mwanafunzi ni la mwisho, mheshimiwa. Ndiyo sheria. Mama zao waliilipia."

"Hapana," akasema Kolumba, kwa sauti ndogo iliyofika kila pembe. "Hapana, mtani wangu. Mimi sikuelewa kitu."

Kwenye kioo majina yetu yakazimika kuanzia chini kwenda juu. La Osmunda lilichelewa. Liliwaka peke yake muda wa kutosha kumfanya mtu ajute, nami nilimwona akilitazama, kidevu kimekaza, kama anavyotazamwa mtu anayepanda basi wewe ukibaki. Kisha likazimika. Hakuangusha macho.

Ndani ya Msikizi makufuli yakaanza kulia, moja, jingine, mengine, mpaka sauti ikawa kama mvua inayoanza juu ya mabati. Taa ya njano ikafa. Ya buluu ikawaka.

"Kidato cha kwanza," akasema Msikizi. "Mada ya kwanza. Hewa ina uzito. Hewa iliyo juu yetu hutulemea wakati wote, kutoka kila upande. Mmeelewa?"

Tukavuta pumzi kujibu, lakini tulitanguliwa. Sauti ilitoka nyuma, kwenye viti vya plastiki.

"Hapana."

Mama Xaveria alikuwa amesimama. Upindo wa kitenge ulikuwa bado mkononi, ila si mdomoni tena.

"Uzito naujua mimi," akasema. "Nimebeba mkonge tangu sijavunja ungo. Huo wa hewa mbona siusikii mgongoni?"

"Wewe si mwanafunzi wa darasa hili," akasema Msikizi.

"Sijakuuliza mimi nani. Nimekuuliza habari ya hewa." Akavuta kiti chake mbele, katikati ya wageni waliompisha, akakiweka kando ya binti yake, akaketi. "Rudia."

Taa ikabaki buluu. Msikizi akarudia.